Mistari ya Waliomaliza

Naandika haya hasira zikiwa bado hazijashuka, na asitokee mtu wa kuniambia nivute pumzi kwanza. Nimevuta pumzi wiki nzima na hazijanisaidia kitu.

Nina duka la nguo za kiume hapa Qurum, Maskati. Mbele tunashona kanzu za Kiomani, nyuma tunashona suti za watu wa mabenki. Wateja wapya wakiingia huniuliza fundi yuko wapi, nami huwaambia fundi ndiye mimi, wakae wapimwe au watoke. Ukataji nilisomea London, na aliyenisomesha alikuwa bibi mmoja mkali wa Kiingereza aliyeamini kwamba mtu asiyejua mistari imetoka wapi hana haki ya kuitia mkasi. Kwa hiyo ninaijua, na ndiyo maana jambo hili limenichoma zaidi.

Mwezi uliopita alikuja dukani ammi Yaqdhan. Si ammi wangu wa damu. Ni rafiki wa baba tangu walipokuwa wavulana Unguja, na sisi watoto tumemwita ammi tangu tulipojua kusema. Yeye ni mwenyekiti wa wazee waliosoma skuli moja ya serikali kule Unguja, zamani za Mwingereza. Waliobaki Maskati ni wachache, wengine wanatembelea fimbo, wengine wanasukumwa. Kila mwaka hukutana kwa chakula cha mchana kwenye hoteli moja ya ufukweni, na siku hiyo moja huvua kanzu na kofia wakavaa suti na tai ya skuli: buluu iliyoiva, yenye mistari mipana ya fedha na ya damu ya mzee. Tai zenyewe zilikuwa zimechakaa na nyingine zimeliwa na nondo. Wakaagiza hariri mpya ifumwe kwa mistari ile ile, na kazi ya kukata na kushona wakanipa mimi.

"Hariri ishafika?" aliniuliza, akijiweka kwenye kiti cha wateja.

"Ishafika, ammi. Nzuri ajabu. Sasa ile ya baba nimkatie ndefu kidogo? Unajua kimo chake."

Ammi Yaqdhan akaipapasa hariri kwa kidole. "Thani hana tai, mwanangu."

"Ndiyo nimshonee."

"Hukunifahamu. Hii tai ya waliomaliza. Baba yako hakumaliza."

Nilidhani ananitania, maana wazee hawa kwa utani hawajambo. Nikamtazama usoni, nikaona hana utani. Ndipo nikakumbuka kwamba kila mwaka baba alikwenda kwenye chakula kile na tai yake ya buluu tupu, isiyo na mstari hata mmoja, akakaa mwisho wa meza. Miaka yote hiyo mimi, fundi wa nguo, nilidhani ndivyo anavyopenda.

"Na hizi tai mbili mlizoongeza kwenye hesabu ni za nani?" nikamuuliza.

"Moja ya Fahd, kijana wa benki, ndiye anotulipia ukumbi mwaka huu. Moja ya yule Mwingereza alokuwa kampuni ya mafuta, kastaafu hapa hapa. Wale tumewafanya wanachama wa heshima."

"Fahd kazaliwa hapa, ammi. Skuli yenyewe hata picha yake hajaiona."

"Ndo maana yake heshima," akasema, na akanyanyuka zake akaenda.

Masikio yalikuwa yananiwaka. Niliingia nyuma kwenye meza ya kukatia nikamkuta Rufus, mkataji wangu, Mkenya, ameshaitandaza ile hariri na chaki mkononi. Nikamwambia aikunje airudishe kabatini.

"Lakini Madam, si ulisema hii ni ya haraka?"

"Ikunje, Rufus!"

Akaikunja. Rufus ana akili, anajua lini asiulize mara ya pili.

Hebu niwaambie habari ya mistari. Zamani kule Ulaya, mstari ulikuwa alama ya mtu wa kuangaliwa. Mfungwa alivishwa mistari ili akitoroka aonekane. Mtumishi wa nyumba kubwa alivishwa kizibao cha mistari ili mgeni asije akamdhania bwana, akampa mkono. Halafu mabwana wenyewe wakaitamani. Watu wa mabenki wa London waliichukua ikiwa myembamba kama uzi, wakaifanya heshima. Na inasemekana wanafunzi fulani wa Oxford, wapiga makasia, siku moja walifungua utepe wa mistari kwenye kofia zao za majani wakaufunga shingoni, na hapo ndipo ilipoanzia tai ya skuli. Mzaha wa vijana! Vikafuata vikosi vya jeshi, mistari ikishuka kutoka bega la kushoto uliko moyo kwenda upande wa mkono wa upanga, na juu yake ukawekwa mwiko: usivae mistari ya kikosi usichopigania wala ya skuli usiyosoma. Wamarekani walipoiiga wakaigeuza, ikashuka kutoka kulia, wasije wakaambiwa wanajifanya.

Mwiko huo ndio waliolishwa watoto wa Unguja, wakaumeza mzima. Leo nenda London, ingia dukani, utauziwa tai ya kikosi chochote na muuzaji hatakuuliza hata jina lako. Wenyewe wameshautupa. Walioushikilia ni wazee wetu wa Maskati, na wanayempiga nao ni mwenzao.

Maana baba yangu hakuacha skuli kwa uvivu. Alimaliza kidato cha tatu mwisho wa mwaka 1963. Januari yakaja Mapinduzi. Babu yangu alichukuliwa nyumbani kwake na hakurudi, na bibi akakimbia na watoto. Baba alikuja kumalizia masomo ukubwani, ugenini, akapata kazi wizarani hapa Maskati, akatusomesha sote mpaka akastaafu. Ammi Yaqdhan alimzidi darasa moja tu. Yeye alimaliza Disemba ile ile ya 1963, akakabidhiwa tai mkononi na mwalimu mkuu Mwingereza, na wale ndio waliokuwa wa mwisho kukabidhiwa. Basi hiyo ndiyo tofauti yao. Mmoja alizaliwa mapema kidogo.

Jioni nilikwenda kwa baba. Nilimkuta anatazama habari, sauti ameifunga, kama kawaida yake.

"Baba, kwa nini hukutwambia kama huruhusiwi kuvaa tai ya skuli?"

Hakushtuka. "Nani kakwambia?"

"Ammi Yaqdhan mwenyewe, mbele ya hariri."

"Basi kakwambia kweli. Mie sikumaliza. Wale walimaliza. Ndo sharti lenyewe."

"Sharti gani hilo, baba! Fahd wa benki anapewa! Mzungu wa mafuta anapewa!"

"Hajar," akasema kwa upole, "mambo ya wazee yaache kwa wazee. Umekula?"

Upole wake ndio ulionitia wazimu. Ningependa apige kelele. Nimemjua baba yangu miaka yote hii na sijamsikia hata siku moja akisema kwamba amedhulumiwa. Husema "tulihama," kana kwamba walipakia vyombo kwenye lori wakaenda mtaa wa pili. Nilitoka bila kula, na mlango niliufunga kwa nguvu kuliko inavyopasa.

Sikuyaacha kwa wazee. Kesho yake alasiri nilikwenda kwa ammi Yaqdhan, nikamkuta majlisini na wenzake wa kamati, halwa na kahawa mbele yao. Walinikaribisha vizuri, nami nikakaa, nikanywa kikombe kimoja kwa adabu. Kisha adabu ikanishinda.

"Nimekuja kukwambieni kitu kimoja. Zile tai sizishoni."

"A'udhubillahi! Kwa nini, binti yetu?" akauliza mmoja wao.

"Kwa sababu baba yangu alikaa kwenye madarasa yale yale, kachapwa kwa bakora ile ile, halafu kila mwaka mnamkalisha mwisho wa meza kama mpita njia. Mnasema hakumaliza. Nani kati yenu alomuuliza kwa nini hakumaliza? Mnajua alivyotoka kwao? Mnajua, nyote mnajua, maana na nyinyi mlitoka vivyo hivyo. Halafu mnakaa hapa, watu wazima, mnalinda mistari ya Mwingereza ambayo yeye mwenyewe hana habari nayo!"

Mmoja akawa anaitazama halwa. Ammi Yaqdhan aliweka kikombe chini polepole.

"Hajar, mwanangu, wewe hujui," akasema. "Tulotoka nacho ni kile tu. Nyumba zilikwenda, mashamba yalikwenda. Kile kitambaa ndo kitu pekee alichotupa mtu, ikawa hapana alotunyang'anya. Tukianza kumpa kila mmoja…"

"Baba si kila mmoja!"

Wakatazamana, wakanong'ona. Mwisho ammi Yaqdhan akasema sawa, maneno yangu yana haki. Watampa Thani tai. Watamwita mbele za watu siku ya chakula, watampigia makofi, watamfanya mwanachama wa heshima.

Nilifurahi! Hapo ndipo ninapojikasirikia mwenyewe. Nilitoka pale kifua mbele, nikaendesha gari huku nacheka peke yangu, nikaenda moja kwa moja kwa baba nikampa habari ile kama mtu anayepeleka zawadi.

Baba aliizima televisheni kabisa. Sijapata kumwona akiizima.

"Nani alokutuma?"

"Hakuna alonituma, baba, mie mwenyewe…"

"Umekwenda kuniombea?" Sauti yake ilikuwa imepanda. "Umekwenda kwa Yaqdhan ukaniombea kitambaa, mie Thani, nnoishi kwa jasho langu? Na wakakwambia wa heshima, na wewe ukashukuru?"

"Lakini tai ni ile ile, baba. Mistari ile ile."

"Heshima hupewa mgeni!" Akaupiga mkono wa kiti. "Mzungu mgeni, mpeni. Yule kijana wa benki mgeni, mpeni. Mie nlikuwa mwanafunzi wa skuli ile! Nna jina kule! Nlikaa dawati la tatu kutoka dirishani, nkawa wa pili katika hisabati, na huyo Yaqdhan akija kwangu usiku nimfunze aljebra, yeye aloko mbele yangu! Leo anipe heshima? Anipigie makofi kama mtu alokuja kutalii?"

Alikuwa amesimama. Magoti yake mabovu, lakini alikuwa amesimama, na shingo imemvimba. Nilikuwa nimemtafutia baba yangu tusi kubwa kuliko lile la kwanza, na nimelipeleka mwenyewe nyumbani kwake.

Akatembea mpaka dirishani na kurudi. Alipokaa tena, alikuwa ametulia, utulivu ambao sikuupenda.

"Unajua skuli ile ilikuwa na tai mbili?"

"Sijui."

"Ile mipana ya waliomaliza. Wanafunzi tulikuwa na yetu. Buluu, na mistari myeupe myembamba, basi. Ukiivaa kila mtu anajua wewe bado umo." Akanitazama. "Ile hapana wa kuninyima. Nishonee ile."

Kesho yake nilimwambia Rufus atandaze hariri ya wazee aendelee. Ya baba niliishughulikia mimi. Sikuwa na haja ya kuagiza kitambaa popote. Kabatini kulikuwa na kipande cha sufu ya buluu yenye mistari myeupe kama uzi, baki la suti ya mkurugenzi mmoja. Kitambaa cha suti mistari yake husimama wima. Ukikikata mshazari inalala, na hapo umepata tai. Nilipima mara nyingi kuliko kawaida, nikihakikisha inashuka kutoka bega la kushoto, maana najua jicho la baba.

Rufus akasogea akachungulia. "Madam, hii si ni kama ya shule? Huko kwetu watoto wa akademi za kulipia ndio huvaa hivi. Ya nani hii, ya mtoto wa ndugu yako?"

"Ya baba yangu."

"Sawa, Madam. Wacha nikushikie hapo."

Siku ya chakula tulifika mchana, jua kali, wazee wanashushwa magarini mlangoni mwa hoteli wakipanguswa jasho na wajukuu. Ndani walikuwa wameshakaa, suti nyeusi na za kijivu, na shingoni mistari yangu ya fedha na damu ya mzee. Lazima niseme kweli, zilipendeza. Fahd alikuwa amekaa kati, na yule Mwingereza karibu yake, wote wamevaa. Karibu na sahani ya ammi Yaqdhan palikuwa na tai moja imekunjwa, ya baba, ya kukabidhiwa.

Baba aliingia kwa fimbo. Suti yake ya kijivu, shati jeupe, na kifuani tai ya mwanafunzi.

Wazee wakaijua papo hapo. Mazungumzo yalikatika kuanzia karibu na mlango mpaka mwisho wa meza. Mwingereza peke yake ndiye aliyeendelea kutabasamu, akasema kwa Kiingereza kwamba ile tai ni nzuri sana.

"Thani," akasema ammi Yaqdhan, ameshanyanyuka. "Tai gani hiyo? Hiyo ya watoto."

"Ya wanafunzi."

"Njoo ukae, bwana. Yako hii hapa, tumekuwekea."

"Hiyo ya waliomaliza," akasema baba, "na mie sikumaliza. Si umesema mwenyewe? Umesema kweli. Sikumaliza. Lakini sikufukuzwa, Yaqdhan. Sikufeli. Sikuomba ruhusa nkaondoka. Hapana mwalimu alonifutia jina langu. Basi mie bado mwanafunzi wa skuli ile mpaka leo hii."

"Sawa, bwana, sawa. Kaa basi, chakula kinapoa."

"Mwanafunzi hakai mezani na waliomaliza. Umesahau? Siku zao zile walipokuja kula skuli, sisi tukisimama ukutani mpaka mwalimu mkuu atwambie kaeni."

Akaenda ukutani, akaegemeza fimbo pembeni, akasimama wima, mikono nyuma.

Nilimpelekea kiti. Hakukitazama. Nikamwambia magoti yako, baba, tafadhali. Akaniambia, bila kugeuza shingo, nirudi nikakae. Wahudumu walipita na supu, wakapita na samaki, wakimzunguka kwa uangalifu kama nguzo. Fahd aliuliza kuna nini, akatulizwa. Vijiko vilikuwa vinagonga sahani lakini sikuona vikienda midomoni. Mzee mmoja aliifungua tai yake akaitia mfukoni, na baba akamwambia kwa sauti ya ukumbi mzima: "Ivae. Umepewa, ni yako. Sikuja kukuvua. Nimekuja kukutizameni mnavyokula."

Ammi Yaqdhan hakuweza tena. Akatoka kwenye kiti chake, akamwendea pale ukutani, machozi yanamchuruzika hadharani. Akamshika mkono. "Thani, n'nakuomba. Nnakwambia mie: kaa."

"Wewe si mwalimu mkuu, Yaqdhan," akasema baba. "Wewe ulinizidi mwaka mmoja tu."

Alisimama mpaka kahawa ikaletwa. Kisha akachukua fimbo yake, akawaaga kwa salamu kamili, na tukatoka.

Garini sikuwasha injini. Nilikuwa na hasira, na sikujua tena ni juu ya nani: juu ya wazee wale, ya Mwingereza na tabasamu lake, au ya huyu mzee mkaidi aliyejitesa magoti mbele ya macho yangu. Alikuwa anajikanda paja, uso umemkauka.

"Ulikuwa na haja gani ya kusimama muda wote ule?" nikafoka. "Si ungesema ulichotaka kusema, ukakaa?"

Alikuwa ameishika ncha ya tai, anaitazama.

"Skuli ilikuwa ifunguliwe Jumatatu," akasema. "Mama keshanipigia shati pasi. Kalitundika mlangoni, na tai juu yake. Jumapili alfajiri walipokuja kumchukua baba, walipita hapo hapo mlangoni. Mmoja akaliangusha shati, akalikanyaga. Na mie, Hajar, wanamtoa baba yangu nje, mie n'nainama naokota shati."